Kazi ya Mama Bata

Kuku mwenye vifaranga hujulikana mtaa mzima: atachakura, atapiga kelele, atarukia miguu ya mpita njia. Bata hana vishindo hivyo. Yule wa majumbani kwetu pwani, mwenye vinundu vyekundu usoni, hana hata sauti kubwa. Dume hupuliza kama nyoka, na jike hulia chinichini tu. Ndiyo maana wengi humpita bwawani na watoto wake wasijue kwamba pale pana kazi nzito inafanyika. Mimi naihesabu kazi hiyo kuwa ufundi kamili, na anayetaka kuuona inambidi atulie.

Ufundi wenyewe huanza kabla mtoto hajakuwapo. Bata hutaga yai, akaliacha kwenye majani na kwenda zake. Siku inayofuata hutaga jingine. Halalii mpaka mayai yametimia, pengine kumi, pengine zaidi, na kusubiri huko kuna maana yake: yai la kwanza na la mwisho huanza kupata joto wakati mmoja, kwa hiyo watoto watatoka pamoja. Hapo sasa hujinyonyoa malaika ya kifuani akakitandika kiota, na ngozi iliyobaki wazi hugusa mayai yenyewe. Kuku hulalia siku 21. Bata wengine wa kufugwa hulalia 28. Huyu wetu, ambaye asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini, hulalia siku 35. Katika muda wote huo hutoka kwa nadra, akayafunika mayai kwanza, akala upesi, akaoga, kisha akarudi na unyevu manyoyani. Huyageuza mayai kwa mdomo mara kwa mara, na hafanyi haraka.

Kabla ya kuanguliwa, mayai huanza kusema. Ukisogeza sikio utasikia milio midogo kutoka ndani ya ganda, na mama huijibu kwa sauti ile yake ya chini. Mwanasaikolojia wa Marekani Gilbert Gottlieb alilichunguza jambo hili kwa miaka mingi, akitumia bata wa jamii nyingine. Alionyesha kwamba kifaranga akizuiwa kusikia sauti yake na ya wenzake akiwa bado yaini, hushindwa kuipambanua vizuri sauti ya mama wa aina yake. Kwa hiyo siku ya kutoka si siku ya kukutana. Walikwisha kuzungumza.

Wakishatoka, mama hawakimbizi majini. Huwaweka chini yake mpaka wakauke, na kiini cha yai walichobaki nacho tumboni huwatosha chakula kwa muda huo. Kifaranga aliyelelewa kwenye boksi peke yake, akitumbukizwa kwenye maji marefu mapema, huloa akafa kwa baridi, na watu wakashangaa eti bata amezama.

Sasa mtazame bwawani, kwenye yale mabwawa ya mvua yanayobaki baada ya masika kati ya mashamba ya mpunga na mikoko. Hamtilii mtoto chakula mdomoni hata mara moja. Yeye huvuruga tope kwa mdomo na miguu, akasogea kidogo, na vifaranga hudona wenyewe wadudu na viluwiluwi vya mbu vilivyoibuka. Akihama, nao hujipanga nyuma yake. Mwaka 2021 Zhiming Yuan wa Chuo Kikuu cha Strathclyde, Glasgow, na wenzake walichapisha hesabu za mstari huo. Kifaranga akikaa mahali panapofaa nyuma ya mama, wimbi analolizua mama humsukuma mbele badala ya kumzuia. Kuanzia wa tatu hivi, ukinzani wa mawimbi hukaribia sifuri, na kila mmoja humpitishia wa nyuma yake nguvu ile ile. Mama anachotoa hapo ni mwendo usiobadilika. Akienda kwa pupa, mstari unakatika, na wa mwisho hubaki akipiga miguu na kulia.

Lakini kinachonivutia zaidi ni pale anaposimama. Watoto wakila, yeye hali sana. Hukaa upande ulio wazi, shingo juu, jicho moja limeelekezwa angani, maana adui mkubwa wa vifaranga hapa Unguja ni kunguru, yule aliyeletwa kutoka India mwishoni mwa karne ya 19. Kivuli kikipita, manyoya ya kichwani humsimama, hutoa mlio mmoja mfupi, na vifaranga hujibana kwenye majani ya ukingoni. Bahari ikijaa na maji kupanda kwenye mkondo, nimeona akiwarudisha juu, kwenye maji ya mvua. Kifaranga mchanga hayawezi maji ya chumvi, kwani mwili wake bado hauna nguvu ya kuitoa chumvi nyingi.

Hapa nina neno kwa wafugaji wenzangu. Wengi humnyang'anya bata watoto siku ya kwanza kwa sababu huwatembeza mbali na kuwapoteza. Ni kweli huwapoteza, ila waporaji ni kunguru, nguchiro na kenge, na hao dawa yao ni tenga. Mfunikie mama pamoja na watoto wake kwa wiki mbili za mwanzo, mahali penye kivuli, na umwekee sinia la maji ya kina kifupi, yanayobadilishwa asubuhi na jioni. Mengine mwachie mwenyewe. Ukifungua tenga, mfuate kwa mbali uone anawapitisha njia gani kwenda bwawani, kwa kuwa mara nyingi si ile fupi. Hupita chini ya vichaka.