Mvua ya Saa Tisa na Kofia za Kenyenya

Kenyenya hunyesha saa tisa. Si kila siku, lakini siku nyingi kiasi kwamba mama mboga huanza kufunika nyanya zake kabla hata wingu halijaonekana. Joto la asubuhi linakutana na upepo unaopanda kutoka upande wa ziwa, na sisi tulio sokoni tunakimbilia baraza ya agrovet. Hapo barazani, nikiwa nimebanwa kati ya gunia la mbolea na mzee mwenye kuku, ndipo nimejifunza karibu kila kitu ninachojua kuhusu kofia.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu. Nilirudi nyumbani na laptopu yenye ufa, naandika makala za watu kwa malipo ya neno kwa neno, na siku za soko nakaa na beste yangu anayeuza kofia za mtumba. Yeye anauza, mimi nazigeuza ndani nje. Wateja wengine hudhani nina kasoro kichwani. Wengine hudhani ni mnunuzi wa jumla kutoka Gikomba, wananiuliza bei.

Ninachosema ni hiki: kofia tunazisoma mbele, kwenye herufi, na habari yenyewe imeandikwa ndani. Ndiyo maana tunanunua vibaya na kusifu vibaya. Mvua haisomi herufi.

Tuanze na NY, maana hauwezi kupita stendi ya boda bila kuziona tano. Nimewauliza vijana kama kumi hivi NY ni nini. Wengi walisema New York, wawili walisema ni kampuni ya nguo, na mmoja, mwendesha boda mwenye uso mkavu kabisa, akaniambia ni Nyamira. Kwangu huyo ndiye alipata. Kofia yenyewe ina historia yake. New Era, kampuni iliyoanza mwaka wa 1920 huko Buffalo, ilitoa mtindo wake wa 59Fifty mwaka wa 1954, na ilikuwa kofia ya wachezaji wa besiboli tu, basi. Mwaka wa 1996 Spike Lee akawaomba wamshonee ya Yankees lakini nyekundu, ilingane na koti lake. Timu huvaa samawati iliyokolea. Tangu hapo kepu imekuwa kitu cha kulinganisha na viatu, na mtu anaweza kuivaa maisha yake yote bila kuona besiboli hata sekunde moja. Sina ugomvi na hilo.

Ugomvi wangu ni kwamba mtu analipa mia tano kwa herufi mbili na hageuzi ndani. Igeuze, ndugu yangu. Kepu ya kawaida ina vipande sita vinavyokutana juu, pale penye kifungo. Kila mshono wa ndani unafaa uwe umefunikwa na utepe, la sivyo nyuzi zitaanza kuachana kabla ya Krismasi. Angalia ukanda wa jasho: je, umeshonwa kuzunguka kichwa chote, au umegandishwa mbele tu, nyuma wakaachana nao? Nyuma ya herufi panatakiwa kitambaa kigumu cha kushikilia umbo. Halafu kunja ukingo kidogo. Ukirudi wenyewe, hiyo ni plastiki. Ukibaki na mkunjo, hiyo ni kadibodi, na saa tisa iko njiani.

Kwa marobota ya beste yangu nimekuta kepu za kamera, zile zinazochaguliwa kwanza kabisa, zenye jina kubwa mbele na ushonaji wa kuaibisha. Nimekuta pia kwenye fagia, yale mabaki ya bei ya hamsini, kofia moja ya kijivu isiyo na jina lolote. Utepe kila mshono, ukanda umezunguka wote, tundu za hewa zimezungushiwa uzi kwa ukaribu sana. Mtu mahali fulani alikaa na hiyo kofia. Nikainunua. Beste yangu akanicheka wiki mbili.

Za kampeni sitazungumzia sana. Kila mtu alizipata mwaka wa 2022, manjano au samawati, kutegemea lori lililopita kwenu. Kadibodi tupu. Mvua ya kwanza ukingo unavimba, ya pili unainama kama sikio la mbuzi. Bado utaziona shambani, kwa wachuma chai na kwa jamaa wa posho mill, na hiyo ndiyo kazi halali pekee ambayo zimewahi kufanya. Mwaka wa 2027 zitarudi, na kadibodi itakuwa ileile.

Kofia ninayotaka kukaa nayo kidogo ni ile tunaiita godpapa. Felti, ukingo wa duara, utepe kiunoni, imebonyea katikati. Wazee wa Gusii wanaipenda kuliko wanavyokubali kusema. Nenda mazishi yoyote Magenche au Ogembo uhesabu. Babu yangu alikuwa na moja ya kahawia, na tukiwa watoto tulikuwa tunamcheka kwa jambo moja: mvua ikianza, alikuwa anaivua, anaitia kwenye mfuko wa plastiki, anaufunga fundo, anauweka kwapani. Kisha anatembea kichwa wazi hadi nyumbani, maji yakimtiririka usoni. Sasa kofia ni ya nini, tulikuwa tunauliza, kama kichwa ndicho kinaikinga?

Nilielewa nikiwa mkubwa, nilipoanza kusoma jinsi felti inavyotengenezwa. Felti haifumwi. Ni manyoya, ya kondoo kwa zile za bei nafuu, ya sungura au biva kwa zile za matajiri, yanayopigwa kwa maji moto na mvuke na kusuguliwa hadi yashikane yenyewe kwa yenyewe. Kisha yanavutwa juu ya kalibu ya mbao yenye umbo la kichwa na kuachwa yakauke. Yaani umbo la hiyo kofia ni kumbukumbu ya maji na joto. Ukiinyeshea sana kisha uianike juani, inaanza kusahau: inabana, ukingo unapindapinda. Watengenezaji wa zamani Ulaya walitumia zebaki kuyafanya manyoya yashikane, wakalipa kwa kutetemeka mikono na kuchanganyikiwa akili. Kwa hiyo mzee wa Magenche anayeilinda kofia yake kuliko nywele zake si mshamba. Anajua ilivyotengenezwa, hata kama hakuna aliyemwambia.

Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka wa 2017, Babu alibaki na mmoja tu, wa supamaketi, akaukunja mraba na kuuweka ndani ya ukanda wa jasho. Uko humo hadi leo. Kofia iko kwangu. Hainitoshi, ananishinda kichwa.

Mkabala na agrovet kuna mama anayefuma mavin kwa kroshia, na cherehani yake ya miguu iko kando kwa kazi za sare za shule. Hapa lazima niwe mkweli kama mhakiki: rangi zake zinanichosha. Nyekundu, manjano, kijani, nyeusi, kila kofia ni Bob Marley amefufuka. Uzi ni wa akriliki, ukilowa unakuwa mzito kama unga wa ugali kichwani. Lakini keti umwangalie. Anaanzia juu kabisa, tundu sita kwenye kiduara kidogo kama sarafu, na kila mzunguko anaongeza vishono kwa hesabu ambayo haijaandikwa popote. Akizidisha, kofia inatawanyika kama sahani. Akipunguza mapema, inakuwa kikombe. Siku moja nilimwona amefika karibu na masikio, akasimama, akaitazama, akavuta uzi. Kazi ya saa mbili ikafumuka mapajani mwake.

"Mama, si ungeiacha tu? Nani ataona?"

"Wewe unazigeuza za mtumba kila siku, hauoni?" Akaanza tena, sarafu. "Mvaaji ataona. Itamvuta sikio moja."

Anaiuza mia mbili. Mteja aliyevaa NY ya mia tano aliwahi kumwomba ashushe hadi mia na hamsini, mbele yangu, bila haya. Hapo ndipo huwa nakasirika na mji wangu. Tunajisifu kwa Tabaka, jinsi watu wetu wanavyochonga jiwe na kulisugua kwa maji hadi ling'ae, na sanamu hizo zinasafiri hadi Ulaya. Lakini fundi aliye hatua kumi kutoka stendi tunamlipa kama anayecheza.

Kuna kofia nyingine nimewahi kuishika mara moja tu, kwa duka moja Kisii mjini, ya mzee mwenye asili ya Pwani. Kofia ya viua, imeshonwa kwa mkono. Alinikubalia nioshe mikono kwanza. Ni nyeupe, duara juu na ukanda pembeni, na mapambo yake yote ni vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, mamia kwa mamia, ndivyo vinavyoingiza hewa. Ile kumma wanayovaa Waoman ni ndugu yake, ilifuata njia za Unguja na Maskati. Mzee akaniambia kofia kama hiyo hula miezi ya mshonaji, na kwamba ikifuliwa hutiwa wanga ili isimame. Nilitaka kuuliza bei, nikaona ni kumvunjia heshima.

Sasa nirudi kwa kofia mbaya kuliko zote.

Ukiingia sebule yoyote huku kwetu utaikuta ukutani, ndani ya fremu, juu ya kochi lenye vitambaa: mtu ameshika karatasi iliyoviringishwa, amevaa gauni, na kichwani ile kofia ya bapa yenye kishada. Ilitoka kwa makasisi na wasomi wa Ulaya, ikakaa Oxford na Cambridge, ikatufikia kupitia Makerere ilipoungana na Chuo Kikuu cha London mwaka wa 1949, ikapita Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kuanzia 1963 hadi 1970, ikatawanyika kila chuo tulicho nacho. Kama kazi ya mikono haina utetezi. Haikingi jua, haikingi mvua, haishiki kichwa. Na bado ndiyo kofia ghali zaidi Kenyenya. Kuna familia zimeuza ng'ombe na robo ya shamba ili mtu aivae saa nne.

Kwetu kuna nafasi kwenye ukuta. Kwa Kigusii mama huitwa "baba", msicheke, na baba yangu huyo aligonga msumari hapo nilipoingia mwaka wa kwanza. Karo ilipokwama nikarudi, hakusema neno. Siku hizi anatundika kalenda ya SACCO. Rafiki mmoja alinishauri niende studio fulani wanakokodisha gauni, nipigwe picha tu, mama afurahi. Nilifikiria hilo wazo kwa muda mrefu kuliko ninavyotaka kukiri hapa.

Desemba iliyopita binamu yangu alihitimu. Hema, keki, spika mbili, mhubiri. Saa tisa ikafika kama kawaida yake, na safari hii ilikuja na upepo. Watu walikimbia na viti. Mama yangu, nilimwona kwa macho yangu, aliruka keki akaenda kuiokoa ile kofia iliyokuwa mezani, akaiweka chini ya leso yake. Alikuwa amechelewa. Bapa lilikuwa limeshavimba pembe mbili na kuinama katikati. Kadibodi. Ileile ya kampeni, naapa, ila imevikwa poliesta nyeusi.

Shida ni kwamba gauni na kofia ni za kurudisha. Usiporudisha nzima unalipishwa, na cheti kinakaa. Shangazi yangu akaniangalia kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Wewe si ndiye unajua kofia?"

Kesho yake nikampelekea mama wa kroshia. Tukaifumua mshono mmoja tu, ule wa nyuma. Ndani palikuwa na aibu: gundi, kadibodi iliyopondeka, na uzi uliorukwa hatua ndefu kama za mtu anayekimbia deni. Hapakuwa na ukanda wa jasho, kipande cha lastiki tu. Mama akasonya. Akakata plastiki kutoka ubavu wa mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita ishirini, akaipima kwa kadibodi ya zamani, akalainisha pembe kwa kiwembe. Kisha, bila kuombwa, akatafuta utepe mweusi kwenye mfuko wa mabaki ya sare na kushona ukanda wa ndani, kuzunguka kote. Kofia itakayorudi chuoni ni bora kuliko iliyotoka. Mwaka ujao kuna mtu ataivaa asijue.

Kabla ya kufunga mshono wa mwisho alihitaji kichwa. Akanivua kofia yangu ya kijivu, akaniwekea hiyo, akaivuta hadi kwenye paji, akapitisha kidole kimoja kati ya ukanda na sikio langu. Watu wa boda walikuwa wanaangalia. Kishada kilikuwa kinanigonga jicho.

"Inakutosha kabisa," akasema. "Yako ni lini?"

Nikamwambia amalizie uzi, wingu hilo limeshafika Ogembo.