Miavuli ya Beda Amuli: Wazo Lililolipita Jengo

Sisi tunaosoma Kiswahili Uganda hulijua jina la Kariakoo kabla ya kuliona soko lenyewe. Tunafundishwa kwamba limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Aliyelibuni soko la leo, Mtanzania Beda Amuli, hatajwi sana. Insha hii inauliza kama wazo lake la usanifu lilifaulu.

Amuli alisomea usanifu majengo nchini Israel, kisha akawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kufungua ofisi ya kazi hiyo Afrika Mashariki. Soko la Kariakoo, lililojengwa katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970, ndilo kazi yake mashuhuri. Paa lake ni mkusanyiko wa miavuli ya zege iliyopinduliwa, kila mmoja ukisimama juu ya nguzo yake. Mvua hukingwa na miavuli hiyo na kushushwa kupitia nguzo. Hewa na mwanga hupita kati ya paa moja na jingine. Ninavyoona, Amuli hakuanza na ukuta. Alianza na kivuli, kama mchuuzi anayetafuta mti kwanza ndipo atandike bidhaa.

Hata hivyo, sifa hiyo ina mipaka. Ghorofa iliyo chini ya ardhi, ambayo watu huiita Shimoni, haipati neema ya paa lile. Isitoshe, biashara ilifurika nje. Katika Mtaa wa Kongo wamachinga wamepanga bidhaa zao barabarani, wengine chini ya miavuli ya kitambaa. Wapo watakaosema hiyo ni dalili kwamba jengo lilishindwa. Mimi nasema umati ule unathibitisha kwamba wazo lilikuwa sahihi: mwuzaji anahitaji kivuli na njia ya wapita njia. Kosa lilikuwa kulifungia wazo hilo katika kiwanja kimoja, ilhali mwavuli ni kitu kinachoweza kurudiwa mtaa hadi mtaa.

Suala hili si la historia tu. Moto wa Julai 2021 uliliunguza soko, na ukarabati ukafuata. Hapa Kampala nako masoko mapya mengi hujengwa kwa ghorofa. Mama muuza nyanya aliyepangiwa ghorofa ya juu hungoja wateja wasiopanda ngazi, na mwishowe hushuka barabarani, ambako askari wa jiji humfukuza.

Kwa hiyo, tukitaka kumuenzi Amuli, tusiishie kupiga picha paa lake. Tuwaulize wanaotujengea masoko swali ambalo paa hilo linauliza: mwuzaji atakaa wapi jua likiwa utosini, na mnunuzi atamfikiaje?