Mwanamke si baiskeli

Ile filamu ya Daktari Mukwege imeshazunguka sana hapa kambini, inahama kompyuta moja hadi nyingine. Juzi nimeiangalia mara ya pili, tumebanana nyumbani kwa jirani. Jina lake la Kifaransa ni L'homme qui répare les femmes, yaani mtu anayetengeneza wanawake. Ni ya Thierry Michel, mwaka 2015. Mwaka huohuo serikali ya Kongo iliipiga marufuku, halafu ikairuhusu. Ukiiona unaelewa hofu yao: wamama wanasimulia wenyewe. Pale Bukavu inapompokea daktari anarudi mwaka 2013, baada ya kuponea chupuchupu kuuawa, nililia tena.

Ni filamu ya maana. Lakini ninailaumu kwa mambo mawili.

La kwanza ni jina. Kwetu kinachotengenezwa ni baiskeli, redio, paa linalovuja. Mtu anatibiwa, anapona. Wamama wale wanasema na wanadai haki, lakini jina linawaacha kama vyombo vilivyovunjika, kazi yote ni ya fundi.

La pili ndilo linaniuma. Uzito wote umewekwa kwenye ubakaji wa vita. Sikatai, yale yalitokea na lazima yasemwe. Ila tulipozima kompyuta, mama mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo kila mwenye fistula alibakwa?" Tukanyamaza wote. Mimi namjua mmoja aliyekaa na uchungu siku tatu. Mtoto alifia tumboni, na tangu hapo mkojo unamtoka wenyewe. Aibu moja anayo tayari. Kwa nini tumpe na ya pili?

Fistula nyingi duniani zinaletwa na uzazi uliokwama. Kichwa cha mtoto kinabana nyama za ndani muda mrefu, damu haipiti, nyama inakufa, linabaki tundu. Kushona ni muhimu, lakini kunakuja mwisho. Kwanza anatakiwa mkunga wa kugundua mapema kwamba mtoto hapiti, gari la kuondoka usiku, na upasuaji bila kuchelewa.

Na Mukwege mwenyewe alianzia hapohapo. Akiwa kijana pale Lemera aliona wamama wanakufa kwa kuzaa, ndiyo maana akaenda Ufaransa kusomea magonjwa ya wanawake. Hata Panzi, aliyoianzisha mwaka 1999, aliikusudia iwe ya wamama wazae salama. Vita ndivyo vilivyobadilisha kazi. Sehemu hiyo ya maisha yake ningetaka ipewe nafasi kubwa zaidi.

Iangalieni, tena pamoja na wanaume. Lakini mwenye kuionyesha amwalike mkunga akae mbele, na ikiisha ampe nafasi aongee. Yule mama alistahili kujibiwa usiku uleule.