Ugomvi wa Matofali

Husemwa mara nyingi ya kuwa sanaa ya kisasa huudhi umma kwa sababu haieleweki. Sisadiki. Mwaka wa 1966 Mmarekani Carl Andre alipanga chini matofali 120 ya kujengea tanuri, tabaka mbili za sitini sitini, bila saruji. Yalipokosa mnunuzi yalirudishwa kiwandani. Jumba la Tate, London, lilipoitaka kazi hiyo mwaka wa 1972, likapewa matofali mengine. Yalionyeshwa mwaka wa 1974 na 1975, wala hapakuwa na zogo la kutajika. Kelele zilizuka Februari 1976, magazeti yalipotangaza ya kuwa yamenunuliwa kwa fedha za umma. Mtu mmoja akayamwagia rangi ya buluu. Ugumu wa kuyaelewa ulikuwa ule ule. Jipya lilikuwa swali: nani ameyapa jina la sanaa, na kwa idhini ya nani? Swali hilo ni halali, hata likiulizwa kwa matusi. Kwetu, walioikataa Kichomi ya Euphrase Kezilahabi, 1974, walishikilia kwamba utungo usio na vina na mizani si shairi. Hapo fedha haikuwapo. Mali ya wote iliyoguswa ilikuwa jina lenyewe.