"Sharti" Lipi? Uhakiki wa Istilahi Moja ya Mantiki

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, kusanifu istilahi kumekuwa miongoni mwa kazi zake kubwa. Hata hivyo, istilahi yaweza kuwa Kiswahili safi na bado ikapotosha. Mwenye kufasiri somo la mantiki hukutana mapema na kauli za aina ya "ikiwa A, basi B". Jina lililo karibu ni "kauli ya masharti", na A huitwa "sharti". Jina hilo linaifaa sarufi. Katika hisabati lina kasoro, nayo kasoro hiyo haiishii darasani, bali hufika hadi kwenye mbao za matangazo ya ofisi zetu.

Katika matumizi ya kila siku, sharti ni jambo la lazima. Tukisema "sharti ulipe ada", maana yake ni kwamba pasipo ada hupati kitu. Lakini katika "ikiwa A, basi B", A si ya lazima kwa B. Inatosha tu kuileta. B yaweza kupatikana kwa njia nyingine. Ikiwa namba inagawanyika kwa 4, basi inagawanyika kwa 2. Lakini 6 yagawanyika kwa 2 ingawa haigawanyiki kwa 4. Mwanafunzi aliyeambiwa kuwa kugawanyika kwa 4 ni "sharti" ataikataa 6. Kosa hilo si lake. Ni la istilahi.

Tuuhamishe mfano huu hadi Nkome, kando ya Ziwa Viktoria mkoani Geita, ambako uvuvi ni riziki ya wengi. Tuseme kwenye mwalo yamebandikwa matangazo mawili. La kwanza: "Mvuvi akikutwa na kokoro, atashtakiwa." La pili: "Mvuvi akiwa na leseni, ataruhusiwa kuvua." Umbo la matangazo hayo ni moja. Hakuna atakayelisoma la kwanza akadhani kuwa asiye na kokoro hashtakiwi hata akivua kwa sumu. Lakini la pili karibu kila mtu atalielewa kuwa asiye na leseni haruhusiwi, ingawa halikusema hivyo. Zaidi ya hayo, mwenye leseni aliyekamatwa na kokoro aweza kulishika tangazo hilo akadai haki, kwa kuwa maneno yake yalimwahidi ruhusa kwa leseni peke yake. Mwandishi alikusudia jambo la lazima, akaandika jambo la kutosha. Alipaswa kuandika: "Hakuna mvuvi atakayeruhusiwa kuvua bila leseni."

Wanamantiki hulipima jambo hili kwa kanuni fupi, iliyokwisha kutolewa na Philo wa Megara katika karne ya 4 kabla ya Kristo: kauli ya namna hii ni ya uongo katika hali moja tu, yaani A ikiwa kweli na B ikiwa uongo. Wanafunzi hushangaa kuambiwa kuwa kauli nzima ni kweli hata pale A ilipo uongo. Mwalimu na awaulize: mvuvi asiye na kokoro, ashtakiwe au asishtakiwe, je, amelivunja neno la tangazo la kwanza? Hakulivunja.

Viunganishi navyo vichaguliwe kwa uangalifu. Katika "jua likichwa, wavuvi wa dagaa huingia ziwani", kiambishi "-ki-" chaonyesha wakati. "Kama" hulinganisha pia, mathalani "anavua kama baba yake". "Angekuwa na leseni" hudokeza kwamba hana, hali hisabati haikusudii kudokeza lolote. Kwa hiyo "ikiwa… basi…" ndiyo salama zaidi.

Huenda wengine wakasema kuwa "sharti" limekwisha kuzoeleka, na kwamba muktadha utaondoa utata. Sisi twaona kwamba muktadha ulitusaidia kwenye kokoro, ukatuponza kwenye leseni.

Twapendekeza, basi, neno "sharti" lisiachwe tupu katika maandishi ya mantiki. Iliyo A katika "ikiwa A, basi B" iitwe "sharti la kutosha". Ile ambayo pasipo hiyo B haipatikani iitwe "sharti la lazima". Sehemu mbili za kauli ziitwe "kitangulizi" na "kifuatizi", majina yasiyodai zaidi ya mpangilio. Pale masharti yote mawili yanapotimia kwa pamoja, tuandike "ikiwa, na ikiwa tu". Na mtumishi wa umma, kabla ya kubandika tangazo, ajiulize: je, nasema kuwa jambo hili latosha, au nasema kuwa halina budi? Mwananchi ana haki ya kulijua jibu kabla hajasukuma mtumbwi majini.