Kitunguu na Kiitikio

Mvua ikishakatika jioni, mitaa ya Riruta Satellite, Nairobi, hurudi kwenye shughuli zake kana kwamba haikusimama kamwe. Makanga wanaita abiria, mahindi yanageuzwa juu ya makaa, na mama mboga wa karibu na ploti yetu anakata sukuma wiki chini ya taa iliyofungwa kwenye mti wa kibanda. Huyakunja majani pamoja, akayabana kwa mkono wa kushoto, kisha kisu kinapita mbio, na kinachoanguka ni nyuzi nyembamba tupu. Siku moja alinipasulia kitunguu kwa upana ili nione kwamba hakijaoza. Nilitazama zile duara zilizozungukana, kila moja imeikumbatia nyingine, nikamkumbuka Mĩcere Gĩthae Mũgo.

Mĩcere alikuwa mshairi, mtunzi wa tamthilia, msomi na mtetezi wa haki za wanawake. Katika maandishi yake kuhusu sanaa ya masimulizi na haki za binadamu, alikifanya kitunguu kuwa kielelezo cha fikra. Alieleza kwamba ulimwengu wa Waafrika wa zamani ulijengwa kwa matabaka kama ya kitunguu: mtu mmoja yumo ndani, amezungukwa na watu wake, nao wamezungukwa na mazingira na yale yasiyoonekana kwa macho. Uzima ulikuwa katika kugusana kwa matabaka hayo. Msingi wa yote aliuita kwa neno letu wenyewe, utu, na mwaka 2021 alichapisha kitabu kinachodai kwamba elimu isiyosimama juu ya utu haijakamilika.

Nakisifu kielelezo hicho kwa sababu kinafichua siri ya ufundi wake. Watu wengi humchukulia mshairi kuwa mtu aliyejifungia chumbani na kalamu. Kwa Mĩcere, shairi lililoko kwenye karatasi ni nusu ya shairi. Nusu ya pili iko kinywani mwa wanaolisikiliza. Aliposimama mbele ya hadhira, iwe ni wanakijiji au maprofesa, hakuwaacha wakae kama magogo. Aliwapa kiitikio kwanza, akawafundisha mahali pa kukiingiza, ndipo akaanza. Msikilizaji akawa tabaka mojawapo la kitunguu.

Ufundi huu si mgeni kwetu. Fanani wa Pwani akisema "Paukwa!" hawezi kuendelea mpaka aitikiwe "Pakawa!" Mikononi mwa Mĩcere, desturi hiyo ya jioni ikawa hoja. Hadhira inayojibu haitawaliwi kirahisi, kwa maana imezoea kuwa na kauli. Na mwanamke aliyeambiwa anyamaze mbele ya wazee hupata nafasi yake ndani ya wimbo, kwani wimbo wa kupokezana haukamiliki yeye akinyamaza.

Alijua vyema maana ya kunyamazishwa. Alizaliwa Baricho, Kirinyaga, mwaka 1942, nchi ikiwa chini ya mkoloni, akakua wakati wa hali ya hatari. Alisoma Makerere, kisha akapata shahada ya uzamivu Kanada, akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1980 akawa mwanamke wa kwanza kuwa mkuu wa kitivo chuoni humo. Miaka miwili baadaye ilimbidi aikimbie nchi pamoja na binti zake wawili, akapokonywa uraia wa Kenya. Zimbabwe ilimpokea ikampa uraia wake. Baadaye alifundisha Marekani, kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Syracuse, na huko ndiko alikofariki tarehe 30 Juni 2023.

Lakini sifa yake kubwa kwangu ni sikio. Mwaka 1976 alitoa diwani yake *Daughter of My People, Sing*, na mwaka huohuo ikatoka tamthilia aliyoiandika pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o, *The Trial of Dedan Kimathi*, ambayo baadaye ilitafsiriwa kwa Kiswahili kama *Mzalendo Kimathi*. Kabla ya kuiandika, wawili hao walifunga safari hadi Karunaini, Nyeri, kwenye eneo alikozaliwa Kimathi, kiongozi wa vita vya msituni vya Mau Mau dhidi ya mkoloni, wakaongea na watu waliomjua. Hiyo ni kazi kama ya mwanasosholojia aliyebobea: kwenda kwa watu, kuketi, kuuliza, kunyamaza, kusikia. Ndiyo maana mhusika mwenye nguvu katika tamthilia ile hana jina la ukoo wala cheo. Anaitwa Mwanamke tu, naye ndiye anayesafirisha silaha iliyofichwa ndani ya mkate. Anayeujua mkate, na anayejua ni nani huubeba kila siku bila kutiliwa shaka, ndiye anayeweza kubuni picha kama hiyo. Kwa mkate mmoja, jukwaa zima linakumbushwa kwamba vita vya msituni vililishwa na mikono ya wanawake.

Sikio hilo nalikumbuka nikipita Kawangware Jumapili alasiri, nikiwasikia kina mama wa chama katika ua wa ploti. Mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaupokea. Wa Kirinyaga yumo, wa Vihiga yumo, wa Kisii yumo, na ubeti hubadilishwa papo hapo ili jina la aliyepokea mchango wa mwezi liingie. Aliyefiwa anapewa ubeti wake, aliyejifungua wake. Hakuna anayeuita ushairi, na hakuna anayeuandika. Hata hivyo, kila sharti la ufundi limetimizwa: mizani inashikwa kwa makofi, maneno yamechaguliwa kwa aliyeko mbele yao, na hapana mtu aliyeachwa nje ya duara. Mĩcere aliuliza katika mashairi yake nyimbo za mama zetu zimepotelea wapi. Alijua kwamba wimbo hufa siku ambayo hakuna tena wa kuuitikia, hata kama sauti ya kuuanzisha ingalipo.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa shule zetu za Riruta, Kawangware na Kibera: mnapofundisha ushairi, msiishie kwenye vina na mizani ubaoni. Wapeni watoto kiitikio. Watumeni nyumbani wakamuulize nyanya aliimba nini akisaga, akilima, akibembeleza, na kesho yake waje wauimbe wimbo huo darasani, wenzao wakiupokea. Nasi wazazi, mtoto akija na swali hilo jioni, tusimwambie asubiri. Tuzime redio, tuanzishe wimbo, tumsubiri aitikie.