Istilahi za Kupima Dawa katika Viowevu vya Mwili

Msafiri wa barabara kuu ya Dar es Salaam na Morogoro huifahamu Mikese kwa mizani yake. Hapo lori likipimwa, jawabu ni tarakimu. Lakini mgonjwa akipimwa mkojo ili ijulikane kama ametumia dawa, jawabu laweza kuwa "imo" au "haimo" tu. Wafasiri wetu hutumia kitenzi kimoja, kupima, kwa kazi zote mbili, na hapo ndipo kosa lilipo.

Tuchukue mfano wa klorokwini, iliyokuwa dawa ya kwanza ya malaria Tanzania Bara hadi 2001. Katika jaribio la Dill na Glazko, mkojo hutikiswa pamoja na eosini iliyo katika kloroformu; dawa ikiwamo, rangi ya njano hugeuka kuwa wekundu wa zambarau. Jaribio hili hubaini, halitaji kiasi. Atakaye kiasi hutumia kromatografia, naye hupata idadi ya mikrogramu katika lita moja ya damu.

Tofauti hii si ya wasomi peke yao. Klorokwini hukaa mwilini kwa majuma mengi. Kwa hiyo, maneno "amepimwa, dawa imeonekana" yaweza kumfanya tabibu aamini kwamba mgonjwa amemeza dozi yake yote, kumbe ni mabaki ya mwezi uliopita.

Yafaa basi tuseme kubaini dawa panapoulizwa kuwamo kwake, na kupima kiasi cha dawa panapotakiwa tarakimu. Kupima pekee tuwaachie wenye mizani.